Mama Mkwe na Gari Lililogoma Alfajiri

Ndugu zangu mnaolima milimani na mnaouza barabarani, nawaomba mtulie kwa muda wa kuchemka sufuria moja ya viazi. Nataka kuwaeleza yaliyoipata nyumba ya jirani yangu Isakwisa mwaka 1976. Haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu, na baadhi yake yananihusu mimi mwenyewe, Saulo, kwa namna ambayo haikunipa sifa.

Kijiji chetu kiko juu kwenye milima ya Uporoto, ambako Juni majani huamka meupe kwa umande ulioganda. Isakwisa alikuwa na Landrova ya dizeli, kuukuu lakini yenye nguvu, aliyoinunua baada ya miaka kumi ya kulima pareto. Kila Jumatano na Jumamosi alishuka nayo Mbeya mjini, amebeba viazi vyetu na sisi wenyewe juu ya viazi. Alfajiri ukisikia mngurumo wake, ulijua uji wako umechelewa. Mke wake, Ikupa, alikuwa akimpelekea chai garini, naye Isakwisa akiinywa huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya sana. Ilikuwa nyumba ya furaha.

Mwezi Mei akaja mama mzazi wa Ikupa, Mama Subilaga. Alikuwa mjane, mvua za masika zilikuwa zimeangusha nyumba yake kule bondeni, na mkwewe alimpokea kwa mikono miwili. Mama huyu alikuwa mtu wa kicheko. Akicheka jikoni, sisi wa upande wa pili wa kijito tulijikuta tunacheka bila kujua sababu. Alilipenda lile gari kuliko mwenye gari. Kila asubuhi alitoka na kanga yake, akaligonga boneti taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto, akalinong'oneza salamu ya kwetu ya asubuhi: "Ugonile, baba. Amka, kumekucha."

Wiki tatu baada ya yeye kufika, gari likagoma.

Isakwisa alizungusha ufunguo. Injini ikalia nguu, nguu, nguu, haikushika. Akajaribu mpaka betri ikachoka. Tukaitwa wanaume sita tukalisukuma kwenye mteremko, likakohoa moshi mweupe, likawaka. Jumamosi likagoma tena. Jumatano iliyofuata likagoma vilevile. Mabega yangu ni shahidi.

Akaitwa fundi Yotamu. Yotamu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kubadilisha kabla ya kuangalia. Alibadilisha betri, gari likagoma. Akabadilisha stata, likagoma. Akafungua nozeli, akazisafisha, akazirudisha, likagoma na kuvuja. Mwisho akafuta mikono, akasema maneno ambayo angeyameza tungepona wote:

"Isakwisa, mimi kwa upande wa chuma nimemaliza. Labda uangalie upande wa watu."

Upande wa watu! Ndugu zangu, neno dogo namna hiyo linaingia kichwani kama mbegu ya magugu, halihitaji mbolea. Isakwisa alianza kuhesabu. Gari lilikuwa zima Machi, zima Aprili, zima Mei mwanzoni. Nani amekuja Mei? Nani huligonga boneti kila asubuhi na kunong'ona?

Aliniuliza mimi, jirani yake, tukiwa tumeegemea ukuta wa zizi.

"Saulo, wewe hujamwona akilisemesha?"

"Nimemwona," nikasema. "Hata mimi nilishangaa."

Ndilo kosa langu. Sikushangaa hata kidogo. Nilikuwa nikicheka kila siku. Lakini mtu akikuuliza kwa uso mzito, ni rahisi kumpa jibu analolitaka. Jioni nikamwambia mke wangu, mke wangu akamwambia dada yake, na dada yake ana rafiki wengi.

Haikupita wiki, akina mama wakawa wanaondoka kisimani Mama Subilaga akifika. Mboga alizopeleka kwa majirani zilirudishwa, au zilipokelewa kisha zikamwagwa kwa nguruwe. Asubuhi moja alikuta majivu yamemwagwa kwenye njia ya mlangoni kwake, kama afanyiwavyo mchawi. Aliyafagia. Kicheko chake kikapungua, kikaisha. Ikupa akaacha kupeleka chai garini. Usiniulize walikuwa wanazungumza nini ndani mle. Nadhani hawakuwa wanazungumza.

Siku mambo yalipofika kileleni ilikuwa Jumamosi yenye baridi kali. Isakwisa, kwa hasira, alikusanya majani makavu, akawasha moto chini ya injini. Alikuwa amewaona madereva wa malori wakifanya hivyo. Injini ikapata joto, akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja! Akapiga kelele ya ushindi. Hakuona kwamba gunia kuukuu lililolowa oili lilikuwa limeanguka kwenye moto ule, na ndimi zinapanda kuelekea tangi.

Aliyeona ni Mama Subilaga. Alikuwa jikoni akikoroga uji wa nyumba nzima. Alitoka mbio na chungu chote, akaumwaga uji ule mzito juu ya gunia, akachota udongo kwa mikono, akafukia. Moto ukafa. Landrova ikabaki inanguruma, inanukia ulezi.

Sisi tulisimama midomo wazi. Mama akajifuta mikono, akasema akihema:

"Mkwe wangu, umeona lakini? Limeota moto, limewaka. Mtu mzima akisikia baridi haamki mpaka aote moto. Labda na gari lako linasikia baridi tu."

Maneno hayo yalikuwa na akili kuliko yote yaliyosemwa pale kwa mwezi mzima. Lakini mwenye shuku hasikii akili. Isakwisa alimtazama, akasema mbele yetu sote:

"Moto huu wa uchawi, aliyeuwasha ndiye anayejua kuuzima. Funga mizigo. Nakupeleka kwa mwanao kule Kalenga, Iringa."

Mama Subilaga alijifunga kanga yake vizuri. Kisha akasema, "Nitapanda mchana huu huu, watu wakiona. Sitoroki mimi."

Ikupa aliingia ndani, akafunga mlango. Tulimsikia akilia mpaka tulipofika barabarani.

Mimi nilikuwa na magunia yangu ya viazi ya kuuza Iringa, nikapata nafasi nyuma. Kwa hiyo nilikuwemo safari nzima. Isakwisa hakutaka mama akae mbele. Lakini nyuma viazi vilijaa mpaka juu, mimi mwenyewe nilikuwa nimelala chali. Ikabidi akae mbele, kando ya mkwewe, na kanga yake imefunika magoti. Kutoka Uporoto mpaka Igawa hawakusemezana.

Igawa, kama mjuavyo, ni bondeni Usangu, na jua lake halina mchezo. Tulilala kwa Masunga, Msukuma mfugaji aliyekuja huko na ng'ombe wake miaka michache nyuma, rafiki wa Isakwisa wa kununuliana mchele na viazi. Alitupa ubwabwa na maziwa ya mgando. Alfajiri Isakwisa akaingia garini, akafumba macho kama anayesubiri kuchapwa, akazungusha ufunguo. Gari likalia mara mbili tu, likawaka.

Masunga akashangaa kutuona tumeduwaa. "Kwani gari kuwaka ni ajabu kwenu?"

Mama Subilaga, aliyekuwa ameshakaa mbele, akasema polepole, "Na mimi nilikuwepo likiwaka."

Jioni tukafika Mafinga. Nako baridi mnaijua: mtu anaoga kwa kukumbuka. Tulilala nyumba ya wageni karibu na barabara, gari nje. Asubuhi, nguu, nguu, nguu. Halikushika. Tukaomba watu, tukasukuma.

Tulipokuwa tunaelekea Iringa, mama akaanza kucheka. Kwanza kidogo, kisha akashika tumbo.

"Unacheka nini, Mama?" Isakwisa akauliza, na ndiyo mara ya kwanza kumwita Mama kwa siku nyingi.

"Najicheka mimi mchawi wako. Igawa nilikuwa garini, likawaka. Mafinga nilikuwa garini, likagoma. Sasa niambie, mwanangu, Igawa uchawi wangu ulilala au ulikwenda likizo?"

Nyuma kule juu ya viazi nilicheka mpaka gunia likanidondokea. Isakwisa hakucheka. Lakini nilimwona kwenye kioo: paji la uso limeanza kukunjamana kama la mtu anayefikiri.

"Baridi," akasema peke yake. Akagonga usukani, akarudia, "Ni baridi."

Iringa mjini lilikuwepo duka la vipuri la Shabbir. Siku ile Shabbir alikuwa amekwenda Dar es Salaam, na nyuma ya meza alikuwepo mke wake, Sakerbanu, mama mnene mwenye vazi la Kibohora la rangi ya parachichi na miwani iliyofungwa kwa kamba. Alikuwa amekulia katika duka la vipuri la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha sokoni kwetu.

"Nipe hita nne za injini ya Landrova ya dizeli," Isakwisa akasema.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Dizeli huwaka kwa joto la injini yenyewe, na asubuhi injini ni baridi. Kwa hiyo mna vifaa vidogo vinavyoitwa hita. Unazungusha ufunguo upande wa kushoto, unaushikilia, unahesabu hadi ishirini, hita zinapata moto kwa umeme wa betri, ndipo unapiga stata. Hita zikikosa umeme, injini hulia kama lilivyokuwa likilia lile gari letu.

"Hita nne zote?" Sakerbanu akauliza. "Umezipima?"

"Hapana."

"Basi sikuuzii."

Isakwisa akadhani hakusikia vizuri. "Mama, nina pesa."

"Nimeona kaka, pesa unayo. Lakini kesho utarudi hapa kunigombeza kwamba hita zangu mbovu. Mwezi huu umebadilisha nini kingine?"

"Betri. Stata. Na nozeli tulizifungua."

Sakerbanu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Haya maskini gari lenu mnalitibu kwa kubahatisha. Ukishika ufunguo kushoto, taa ndogo pale mbele inawaka?"

"Ilikufa tangu Aprili. Nilidhani balbu."

"Ulidhani! Lete gari mlangoni."

Alitoka na balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili, na akaanza kutugawia kazi kama mwalimu. Isakwisa ashike ufunguo. Mimi nifungue boneti. Akamgeukia Mama Subilaga.

"Na wewe mama, macho yako mazima?"

"Mazima."

"Basi shika balbu hii. Sema ikiwaka, sema ikizima. Usiseme usichokiona."

Akabana waya mmoja wa balbu kwenye bodi ya gari. Waya wa pili akaugusisha kwenye betri.

"Inawaka!" Mama akasema.

"Betri nzima. Kaka, zungusha kushoto, shikilia." Akaugusisha nyuma ya swichi ya ufunguo.

"Inawaka!"

"Swichi nzima." Akainama kwenye injini, akagusa mahali ambapo waya mkuu unaingia kwenye hita ya kwanza.

Mama akaisogeza balbu karibu na macho.

"Mama?"

"Imezima," Mama Subilaga akasema. "Haina hata uhai."

Wapita njia walikuwa wameshajaa. Muuza nyanya mmoja wa Ilula, aliyekuja mjini na matenga yake, aliacha biashara akasogea mbele ya wote. Sakerbanu akanyoosha mgongo.

"Sikilizeni. Kwenye swichi umeme upo. Kwenye injini haupo. Umepotelea wapi?"

"Katikati," watu wakasema kwa pamoja, kama darasani.

"Katikati. Sasa tuufuate waya. Hatumfuati mtu, tunaufuata waya."

Hakujua alichokisema. Isakwisa alitazama chini.

Sakerbanu alimpa bisibisi, akamwambia afungue kile kipande cha bati chini ya usukani. Alifungua, akaingiza kichwa. Tuliona mabega yake yametulia ghafla.

"Kaka, umeona nini?"

"Skrubu," akajibu kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Skrubu imepita katikati ya waya. Imeukata."

"Ya nini hiyo skrubu?"

Akatoa kichwa. Kwenye dashibodi, juu tu ya pale alipokuwa anafungua, palikuwa na kulabu ya shaba.

"Ya kulabu ya koti langu," akasema. "Niliifunga mwenyewe. Siku ya Pasaka."

Pasaka ilikuwa Aprili. Mama Subilaga alikuja Mei. Aprili asubuhi zilikuwa bado na joto kidogo, injini ikawa inajikongoja bila hita. Baridi iliposhuka, ndipo ugonjwa ulipoonekana. Mgeni na baridi waliingia kijijini pamoja, basi tukamkamata mgeni, maana baridi haina shingo.

Sakerbanu alichomoa skrubu, akakata kipande cha waya kipya, akaunganisha, akafunga utepe. "Zungusha kushoto."

"Inawaka!" Mama akapiga kelele. "Na ile taa ndogo pale mbele nayo inawaka!"

"Na hita zenu ni nzima. Hamhitaji hata moja. Nipeni ya waya na utepe tu." Kisha akamtazama mama vizuri. "Huyu ni nani wako, kaka? Anafaa kuwa fundi."

Mama Subilaga akamjibia: "Mimi ndiye mchawi wa gari hili."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Mimi nilijua si utani, na nikaona mkwewe anajua. Alishuka garini, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la barabara, akiwa na suruali yake ya safari.

"Mama, nimekukosea. Naomba unisamehe. Turudi nyumbani."

"Inuka, mwanangu, suruali hiyo anaifua binti yangu," mama akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nimekusamehe. Lakini sirudi kimyakimya. Ulinitoa mchana, watu wakiona. Utanirudisha mchana, watu wakiona, na utasema kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nitasema."

"Na huyu wa kwenye viazi naye atasema," akaongeza bila kugeuka. Nikajua kumbe alikuwa anajua siku zote.

Tulimpeleka Kalenga kwanza, akakaa siku mbili na mwanawe na wajukuu, maana hakutaka safari ipotee bure. Kurudi tulilala tena Mafinga, kwa makusudi. Asubuhi umande umeganda kwenye kioo. Isakwisa akazungusha ufunguo kushoto, sote watatu tukahesabu kwa sauti mpaka ishirini, akapiga stata. Mara moja! Mlinzi wa nyumba ya wageni alituona watu wazima tunapigiana makofi, akatikisa kichwa.

Tulifika kijijini siku ya gulio, saa nane mchana. Isakwisa alisimamisha gari katikati ya watu, akapanda juu ya boneti, akainua kulabu na skrubu. Alieleza yote. Hakujipunguzia. Alisema, "Aliyeharibu gari hili ni mimi. Aliyeliokoa na moto ni mama yangu. Nami nilimlipa kwa kumwita mchawi." Nikapanda na mimi, nikaungama uongo wangu wa ukuta wa zizi. Fundi Yotamu, aliyekuwa kwenye umati, alivua kofia, akaenda kumpa Mama mkono. Baadaye alijitengenezea balbu yake yenye nyaya mbili, na tangu siku hiyo amekuwa fundi wa kweli.

Ikupa alimkumbatia mama yake kwanza. Mume alisubiri zamu yake, ikachelewa siku tatu. Siku ya nne tuliona chai inapelekwa garini, na ule wimbo mbaya ukasikika tena.

Lakini nisiwadanganye, ndugu zangu, nikawafanya mdhani yote yalirudi kama zamani. Waya uliunganishwa kwa dakika kumi. Jina la mtu halina utepe. Wapo wanawake wawili pale kijijini ambao hawajanywa tena uji wa Mama Subilaga, na mmoja wao alisikia kila neno pale gulioni. Mama mwenyewe huwasalimu kila siku, kwa jina, kwa sauti, akicheka.

Funzo

Kitu kikiharibika nyumbani mwako, kiwe gari, ng'ombe, shamba au afya ya mtoto, usianze kwa kutafuta wa kulaumiwa. Anza kwa kutafuta kilichoharibika. Pima kimoja baada ya kingine, na useme ulichokiona, usiseme unachodhani. Mambo mawili yakija mwezi mmoja, si lazima moja liwe limelizaa jingine. Na ukimkosea mtu hadharani, msamaha wa chumbani hautoshi. Rudi mahali pale pale uliposemea ubaya, usemee ukweli, hata kama ni aibu.

Tena nawaambia ninyi mnaofanana na mimi, msioanzisha neno bali mnalibeba tu: mbebaji naye ni mwenye mzigo. Kama leo una neno la jirani yako mdomoni, bado hujachelewa. Nenda ukamwulize mwenyewe kabla hujalifikisha kwa mwingine.